Mifereji Aliyoifukia Baba

Baba yangu alikuwa kijana wa miaka kumi na saba mwaka 1960, nchi yetu ya Kongo ilipopata uhuru. Wiki chache baada ya sherehe, yeye na ndugu zake walibeba majembe wakapanda kilimani, wakaifukia mifereji yote ambayo baba yao aliichimba. Hawakutumwa na mtu. Kilima kizima kilifanya hivyo, nyumba kwa nyumba, watu wakiimba. Habari hiyo nimeisikia tangu utotoni, na kila mara baba aliisimulia kwa furaha, kama mtu anayekumbuka siku aliyotoka gerezani. Mimi niliielewa nikiwa na miaka arobaini na miwili, nimesimama ndani ya shimo linalonifika kiunoni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kadutu, Bukavu. Kwa asili sisi ni Bashi wa Kabare, kilima kimoja kati ya Mudaka na Miti, ukishika barabara ya kwenda Kavumu. Mshahara wa mwalimu kila mtu anaujua, kwa hiyo kama wenzangu wengi ninalima. Jumamosi na siku za likizo napanda taksi basi asubuhi na mapema, jioni narudi na sombe, yaani majani ya mihogo, maharage na mikono iliyochubuka. Shuleni tulifundishwa, na mimi nikafundisha hivyo hivyo kwa miaka mingi, kwamba udongo wa Kivu una rutuba kwa sababu ulitokana na volkano. Basi. Hakuna aliyetuambia kwamba udongo huo umepitiwa na amri, fimbo, hati, ng'ombe na vita, na kwamba mambo hayo yote bado yanaonekana ukijua pa kuangalia.

Nianze na mfereji wenyewe. Mfereji wa kuzuia mmomonyoko, kwetu watu husema fosi, huchimbwa kwa kuukata mteremko. Maji ya mvua yakishuka yanaangukia humo, yanatulia, yanaacha udongo wake, kisha ardhi inayanywa taratibu. Kwenye ukingo unapanda majani yenye mizizi mingi, kama setaria au majani ya tembo, yashike udongo na yalishe mifugo. Ni kazi nzuri. Wabelgiji waliijua faida yake, na katika miaka ya mwisho ya utawala wao waliilazimisha katika vilima vya Kivu. Sijawahi kukutana na mzee wa kwetu anayebisha kwamba mfereji ulishika udongo. Wanachokumbuka ni namna ulivyokuja. Agronomu, mtaalamu wa kilimo wa serikali, alipita na kamba na vigingi, mstari ukapita katikati ya maharage yaliyokaribia kukomaa, na asiyechimba urefu aliopimiwa alitozwa faini au alifungwa. Malipo hayakuwapo. Babu alichimba wake alfajiri na jioni, kwa sababu mchana alikuwa kwenye shamba la mkoloni.

Shamba hilo la mkoloni ndilo mwanzo wa maneno yote. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, ikapewa madaraka juu ya ardhi kubwa mno ili iwagawie walowezi wa kizungu. Huku kwetu walipanda kahawa, chai, na kwinini, yaani ule mti wa sinkona ambao gome lake linatoa dawa ya malaria. Pale Mulungu, si mbali na kwetu, ikawekwa stesheni ya utafiti ya INEAC, taasisi ya kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933. Leo inaitwa INERA. Mzungu alichagua ardhi ya mteremko mpole, yenye udongo mzito, karibu na barabara. Waliokuwa wakilima hapo walisogea juu, kwenye miteremko ambayo mababu waliiacha iwe malisho kwa sababu waliijua. Kwa hiyo babu alisukumwa mpaka kwenye ardhi isiyofaa kulimwa, kisha akaadhibiwa kwa sababu ardhi hiyo inashuka. Nikifikiria hilo siwezi kumlaumu baba kwa wimbo aliouimba mwaka 1960.

Na maharage ya mwaka ule yalikubali sana! Baba alilisema hilo kila mara, kama ushahidi kwamba walifanya sawa. Sasa najua sababu yake. Mifereji ilikuwa imekusanya udongo bora wa kilima kwa miaka kadhaa, na walipoifukia walipanda juu ya akiba hiyo. Walikula akiba wakadhani ni pato. Mwaka wa pili bado ilikuwa vizuri. Miaka iliyofuata mvua za Novemba na za Aprili zilifanya kazi yake, kidogo kidogo, bila kelele, na kufikia utoto wangu sehemu ya juu ya shamba letu ilikuwa nyekundu kama tofali.

Rangi hiyo bibi mzaa baba aliisoma kama mimi ninavyosoma kitabu. Kwa Kishi udongo mweusi, unaovunjika vizuri mkononi, huitwa civu. Ule mwekundu, mzito ukilowa na mgumu ukikauka, huitwa kalongo. Civu ulikuwa karibu na nyumba, chini ya migomba. Kalongo ulikuwa mbali, juu, kwenye mihogo. Bibi alinionyesha kwamba ukiona kishonanguo kimeota kwa wingi na kinene, hapo panda maharage bila wasiwasi. Ukiona sangari peke yake, hapo udongo unaomba msaada. Nilidhani kwamba Mungu ndiye aliyeweka weusi pale na wekundu kule. Bibi alicheka akaniambia nimfuate asubuhi.

Asubuhi ile, na kila asubuhi, alizoa mavi ya ng'ombe zizini, akachanganya na majani waliyolalia, majivu na maganda, akabeba kwa kitunga mpaka kwenye migomba. Alikuwa na ng'ombe wawili. Weusi wa udongo ule ulitengenezwa na yeye, na mama mkwe wake kabla yake, kitunga baada ya kitunga. Kitunga hakikufika juu kwa sababu mavi ya ng'ombe wawili hayatoshi kilima kizima, na kwa sababu mgongo wa mtu ni mmoja. Nimesoma maelezo mengi ya kitaalamu kuhusu rutuba ya Bushi, nchi yetu Bashi, na mengi ni ya kweli, lakini kwangu mimi hakuna lililopita njia ile ya dakika tano kutoka zizini hadi migombani.

Ng'ombe kwetu alikuwa zaidi ya maziwa na mbolea. Ndiye aliyekuwa hati ya shamba. Ukitaka ardhi ya kudumu, ambayo watoto wako watairithi, ulimpelekea mwenye ardhi ng'ombe, naye akakupa kwa mkataba uitwao kalinzi. Kwenye shamba la kalinzi unapanda migomba, unapanda miti, unajenga. Asiye na ng'ombe aliomba bwasa, ambayo ni ya muda mfupi, mara nyingi msimu mmoja, kwa malipo ya sehemu ya mavuno, au siku za kazi, au pesa. Na bwasa ina sharti moja kubwa ambalo kila Mshi analijua: usipande kitu kinachokaa. Mgomba, mti, uzio, hapana. Maharage sawa, viazi vitamu sawa. Aliyepanda mti ameanza kudai shamba. Shikeni sharti hilo, maana ndilo lililonivunja moyo baadaye.

Mwaka 1973 ikaja sheria ya ardhi iliyosema udongo wote ni mali ya Serikali. Kuhusu mashamba ya mila, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba rais angetoa amri maalumu ya kueleza haki za wenyeji. Amri hiyo haikutoka. Katikati ya hapo, mtu mwenye elimu na marafiki mjini aliweza kuandikisha kilima kwa jina lake, na wanaolala juu yake wakapata habari siku ya kuwekwa vigingi. Kwetu ilitokea hivyo mwishoni mwa miaka ya 1970. Malisho ya pamoja, pale juu tulipochungia mbuzi nikiwa mtoto, yalipata mwenyewe. Akapanda mikaratusi kuanzia upande hadi upande. Hakuwa anahitaji kuni. Mti ndio uliomshikia ardhi akiwa mjini. Bibi akabaki na ng'ombe mmoja, kwa sababu nyasi za kulisha wawili hazikuwapo tena. Hesabuni vitunga vilivyopungua.

Upande wa pili, kwa magharibi, msitu nao ulifungwa. Kahuzi-Biega ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 mpaka kufikia hekta laki sita, na mwaka 1980 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Mimi naupenda msitu ule. Mawingu yanayotunyeshea mvua yanashuka kutoka mgongoni mwa Kahuzi, na nimewapeleka wanafunzi wangu mpaka Tshibinda wauone ukingo wake kwa macho yao. Lakini Batwa waliokuwa wakiishi ndani walitolewa bila kupewa pa kulima. Bibi alikuwa akibadilishana nao maharage kwa asali na vyungu. Baada ya kutolewa walikuja kuomba kibarua kwenye mashamba ambayo yenyewe yalikuwa yakipungua. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba haki zao zilivunjwa. Bibi hakuwahi kuusikia, alifariki zamani.

Sasa mwaka 1994. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeanza kufundisha. Mwezi wa Julai watu walivuka mto Ruzizi kutoka Rwanda kwa maelfu kwa maelfu, na kambi za wakimbizi zikawekwa huko huko kwetu: Kashusha, Inera, Adi-Kivu. Kambi ya Inera iliwekwa kwenye ardhi ya stesheni ya utafiti. Nisiseme vibaya juu ya watu waliokuwa wanakufa kwa kipindupindu na njaa. Walihitaji kupika, kama mimi ninavyohitaji, na kuni zilitoka mahali zilipokuwa. Mikaratusi ilikatwa, miti ya kando ya barabara ilikatwa, nyua za mashamba zilikatwa, mizizi ikang'olewa, na ukingo wa hifadhi ukaanza kuliwa. Kambi zilivunjwa kwa vita mwishoni mwa 1996. Biashara ya makala, yaani mkaa, iliyoanza wakati ule haikuvunjika. Nyumbani kwangu Kadutu ninapika kwa makala mpaka leo, na ninapomlipa mama aliyeshusha gunia lile mgongoni, kamba imemkata paji la uso, najua kwamba sehemu ya gunia hilo huenda ilitoka mahali ambapo mti haukupaswa kukatwa. Sijapata njia nyingine ya kuivisha maharage ya watu saba.

Vita vya 1996, kisha vya 1998, vilichukua ng'ombe. Watu wenye silaha, wa upande huu na wa upande ule, walipita na zizi likabaki tupu. Ng'ombe wetu wa mwisho aliondoka usiku mmoja pamoja na wa jirani wote. Watu wanapozungumza hasara ya vita huhesabu maziwa, mahari na nyama, na wana haki. Mimi natamani wahesabu na mavi. Miaka mitatu, minne baada ya zizi kukauka, migomba ya nyumbani ilianza kutoa mikungu midogo, majani yakawa membamba, na ule weusi wa bibi ukaanza kufifia. Mosaiki ya mihogo ilipofika, majani yakijikunja na mizizi kuwa kama vidole, ilikuta mimea ambayo tayari ilikuwa na njaa. Tulipona kidogo kwa mbegu mpya, ile tuliyoiita Sawasawa. Baadaye ukaja mnyauko wa migomba, tulioambiwa ulianzia Masisi: jani linageuka njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata unakuta ndani usaha wa njano. Tulijifunza kuvunja ua la mgomba kwa jiti lenye panda badala ya kisu, na kupitisha panga motoni kila baada ya mgomba mmoja. Waliochelewa kujifunza walipoteza kivuli chote cha uwanja, na kasiksi, pombe ya ndizi, ya harusi ikanunuliwa kwingine. Pale palipokuwa na migomba waliweka mihogo na mahindi, mazao yasiyofunika ardhi. Mvua ikapata mlango mpya, safari hii mpaka kwenye civu.

Nilianza kulima kwa akili, niseme hivyo, mwaka 2009. Watoto walikuwa wanakua. Kwa mila yetu binti harithi shamba, nami ni binti, kwa hiyo nilichukua bwasa kwa mzee mmoja wa kilima cha jirani. Kalongo mtupu, mteremko mkali, mawe. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya siku tatu juu ya mmomonyoko, nikarudi na moto. Tulifundishwa kutengeneza kipimo cha vijiti vitatu vilivyofungwa kama herufi A, kamba inaning'inia kutoka kileleni, jiwe limefungwa mwisho wake. Unasimamisha, unatia alama pale kamba inapogusa kijiti cha kulala, unabadilisha miguu, unatia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kwa kifaa hicho unatembea kilimani kigingi kwa kigingi, na mstari unajichora wenyewe ukifuata umbo la ardhi. Nilipenda kazi ile kuliko ninavyoweza kueleza. Mimi na mabinti zangu wawili tulichimba mifereji mitatu likizo nzima ya Agosti, udongo tukautupa upande wa juu, tukapanda setaria.

Mzee alikuja siku ya setaria. Akasimama, akaangalia mistari ile ya kijani muda mrefu.

"Mwalimu, unataka kuninyang'anya shamba?"

"Hapana, Mzee. Ninalinda udongo wako."

"Udongo wangu ulindwe na wewe kwa nini? Mimi nimekupa msimu mmoja. Haya majani yatakaa miaka mingapi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu majani yale yangekaa miaka kumi. Niliyang'oa yote mbele yake. Mifereji aliiacha, na msimu huo maharage yalitoka mazuri kuliko ya majirani wote. Msimu uliofuata alinirudishia heshima yangu kwa maneno mazuri, akachukua shamba, akalikodisha kwa mwingine kwa bei ya juu zaidi. Yule mwingine aliifukia mifereji ili apate nafasi ya kupanda.

Nililia, nakubali. Nililalamika kwamba wakulima wetu hawaelewi. Nilisema maneno hayo hata mbele ya baba, naye akaniangalia bila kusema kitu. Ilinichukua muda kuona kwamba mzee yule alielewa vizuri sana. Alijua kwamba jani linalokaa ni ushahidi, na kwamba kilima chake kimejaa watu waliopoteza ardhi kwa ushahidi wa wengine. Aliyekodi baada yangu naye alielewa: kwa nini atunze mfereji utakaomfaa mtu wa mwaka kesho? Mafunzo yale ya siku tatu yalitufundisha kina, upana na aina za majani. Hayakutuuliza tunalima kwenye ardhi ya nani.

Basi nikaacha kutafuta shamba la kukodi, nikaanza kutafuta mahali pa kukaa. Mwaka 2013 binamu ya baba, ambaye alipata sehemu ya juu ya shamba la babu, alihitaji pesa za hospitali. Nilimwomba kalinzi. Wazee walisita: mwanamke, tena aliyeolewa nje ya ukoo? Baba ndiye aliyesimama. Alisema kwamba mimi nina jina la mama yake, na kwamba mama yake ndiye aliyebeba kitunga. Nililipa bei ya mtamba mmoja kwa akiba ya chama chetu cha walimu wanawake, nikaleta mbuzi na madumu ya kasiksi, na kabla watu hawajainuka nikasema wazi mbele ya mkuu wa kijiji: nitachimba mifereji, nitapanda majani, nitapanda miti. Nikasema ni wapi na ni mingapi. Karatasi ikaandikwa, mashahidi wakatia vidole. Ikachukua mchana mzima, na naiona kuwa kazi ya kilimo kama kupalilia.

Agosti tukaanza. Nilipima kwa kile kijiti cha A bila kumuuliza mtu pa kupita. Siku ya pili jembe lilipita kwenye kalongo gumu, kisha ghafla likazama. Udongo mweusi, laini, wenye harufu. Nikadhani ni shimo la taka la zamani. Nikasogea hatua mbili, mweusi. Hatua tano, mweusi. Utepe wa upana wa jembe mbili, ukikata kilima sawasawa na kamba yangu.

Baba alikuwa amekaa ukingoni, ana miaka sabini, fimbo yake katikati ya magoti. Nikamwita aje aone. Alipiga magoti kwa shida, akachota udongo ule, akaukamua.

"Mama," ndivyo alivyoniita siku zote, "huu ndio tulioufukia."

Tulinyamaza wote wawili. Halafu akanyanyuka, akaelekeza fimbo juu: wa pili unapita pale kwenye jiwe lile. Wa tatu ulianza kwenye kona ya mwembe uliokufa. Miaka hamsini na mitatu imepita, na alikuwa nayo yote kichwani. Jioni ile, tukishuka, aliniambia jambo ambalo katika masimulizi yake yote hakuwahi kulitaja: kwamba babu hakufukia. Babu alikaa mlangoni akiwaangalia watoto wake wakipita na majembe, akasema tu kwamba wangemwachia mmoja, ule wa juu kabisa. Hawakumwachia.

Shamba limechukua miaka kurudi. Msimu wa kwanza tulivuna kidogo. Nimeweka simbilisi nyumbani kwa shangazi pale kilimani, wanakula setaria ya ukingoni, na mavi yao madogo yanaenda juu, pale ambapo kitunga cha bibi hakikufika. Miti ya kaliandra imekua, inalisha mifugo na inatoa fito za kutambalia maharage. Mwaka wa sita nilikiona kishonanguo cha kwanza kwenye kalongo, nikakikalia pembeni kama mgeni wa heshima. Baba alifariki mwaka huo huo, 2019.

Mei 2023 mvua kubwa ilishuka Kalehe, kwenye vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Maiti zaidi ya mia nne ziliokotwa kwenye tope na mawe, na wengine wengi hawakuonekana tena. Parokia yetu ilikusanya nguo na sabuni. Mvua kama ile ingeweza kuangusha hata mlima wenye miti, siwezi kudai vinginevyo. Lakini usiku ule sikulala, nikisikiliza mto Kawa ukinguruma chini ya Kadutu, na asubuhi ulikuwa mwekundu, ukibeba kilima cha mtu kwenda ziwani.

Jirani yangu wa juu ni mama mjane anayelima bwasa. Mwenye shamba hajamruhusu kupanda jani linalokaa, kwa hiyo udongo wake unashuka kwangu. Kila Septemba mfereji wangu wa juu unakuwa umejaa robo tatu, na robo tatu hiyo ni shamba lake. Mwaka wa kwanza niliuchota nikautandaza kwenye mihogo yangu. Mwaka wa pili nilimwona amesimama akiangalia, na nikaona aibu. Tangu hapo nikianza kuchimba namwita, anakuja na kitunga chake, anaweka kamba kichwani, anaurudisha juu. Safari ishirini, thelathini. Mwanamke aliyeupoteza udongo kwa mvua anaupandisha kwa mgongo.

Februari 2025 vita vilipofika Bukavu nilishindwa kutoka mjini, nikakosa msimu mzima. Nilipopata njia ya kufika kilimani nilitegemea kukuta mfereji umejaa na ukingo umebomoka. Nilikuta umechotwa mpaka chini, setaria imekatwa na kulazwa vizuri kando.

Tumemwendea mwenye shamba lake mara mbili, yeye na mimi na mkuu wa kijiji, kumwomba ampe mama huyu miaka mitano badala ya msimu, kwa karatasi, na ruhusa ya mstari mmoja tu wa majani, ule wa juu kabisa. Mara ya kwanza alisema atafikiri. Mara ya pili aliuliza nani atalipa mbuzi. Tutarudi kwake kabla ya mvua za Septemba, na mbuzi ninaye.